Wanakwaya Wote Wana Mdomo Wako

Kaka Festo,

Kamwene. Hali yako sikuulizi, maana nikikuuliza nitakaa kusubiri jibu, na mimi unanijua.

Chumba chetu cha Lyamkena, hapa Makambako, bado nakifungua kila asubuhi. Kompyuta inawaka, feni yake inapiga kelele zilezile. Tulipotoka kukuzika Lupingu nilidhani nitalia nikiona kiti chako. Sikulia. Nilikifuta vumbi, nikakaa, nikaendelea kuchora mashamba ya chai kana kwamba umetoka kununua vocha. Sijui huo ni uvumilivu au nimechanganyikiwa. Nadhani nimechanganyikiwa.

Shida ni ile video ya katuni ya kwaya ya kigango. Umeniachia beti mbili zimekamilika, na katika ubeti wa tatu watu wanacheza lakini hawana midomo. Chini ya pua ni ngozi tupu. Kazi hii nimeizoea, lakini Kaka, nikiwaangalia hao naogopa.

Mwalimu wa kwaya alikuja kutoka Njombe kuangalia tulipofikia. Alifurahia vitenge, akafurahia ukungu juu ya miti ya mbao, kisha akakunja uso. "Mbona wanakwaya wangu wote wanapindisha mdomo? Watu watasema tunatania kanisani." Anataka niibadilishe midomo yote kabla ya sikukuu ya somo wa kigango, yule mtakatifu wao, kila mtu awe na wa kwake. Nikatazama vizuri, na kweli. Soprano, besi, hadi yule mama mnene wa mstari wa mbele, wote wanapinda kushoto wakifika kwenye "u".

Ndipo nikakumbuka kile kioo ulichoazima saluni ya jirani, hukukirudisha mpaka leo. Ulikuwa unakiegemeza kando ya skrini, unaimba neno polepole, unachora unachokiona. A, e, i, o, u, na mdomo uliofumba. Nikicheka unaniambia, "Imba na wewe, usiogope, majirani wameshazoea." Nilijua unajichora. Sikuwahi kuwaza kwamba unajigawa kwa kwaya nzima.

Nilikuwa sijabadilisha hata mtu mmoja mama yako alipoingia. Alipanda kutoka Lupingu kuja kuchukua nguo zako. Nikampa chai, nikamwekea video aone kazi yako ya mwisho. Hakuangalia vitenge wala ukungu. Alisogea, akaweka kidole kwenye skrini. "Huyu hapa," akasema. "Na huyu. Na huyu." Mama hana video yako hata moja, Kaka. Kamera ulikuwa unaishika wewe siku zote. Akaomba nirudie, nikarudia, na hapo ndipo nililia, mbele yake, chai ikapoa.

Sasa niambie nimsikilize nani. Video ni ya kwaya, nyuso ni zao, mwalimu hajakosea. Mama naye hajakosea. Nikifuta, namnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho. Nikiacha, wazee wa watu watachekwa siku ya sikukuu yao. Na wewe nimekukasirikia. Ungeazima basi hata mdomo wangu mara moja moja, au wa yule dada wa saluni!

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kigangoni nikawaambia wanakwaya ukweli, kwamba ule mdomo ni wa nani. Kisha yule mama wa mstari wa mbele akasema, "Basi mwache aimbe." Mwalimu alivua kofia, akaitikia kwa kichwa. Nilidhani nitarudi Makambako moyo umetulia, lakini nilirudi na swali lingine, kwa sababu ubeti wa tatu bado unanisubiri.

Nilikaa mbele ya kioo nikijaribu kupinda mdomo kushoto kama wewe. Nilionekana kama nakudhihaki, nikaacha. Nimejaribu tena kwa kufuata michoro yako, ikatoka mdomo wa mtu nisiyemjua. Labda nakosea, Kaka. Labda wewe ungejua njia nyingine. Mimi nimebakiwa na hii tu.

Kwaheri, mwalimu wangu. Lala salama huko ziwani kwenu. Nakuahidi zile beti mbili sitazigusa. Wa tatu nitauimba mwenyewe, kwa mdomo wangu ulivyo, umenyooka. Mama akiangalia, ataona mahali ulipoishia.

Mwanafunzi wako,
Tumaini