Jiwe la Kwenye Kompyuta

Jumanne, 8 Julai 2025
Nimerudi nyumbani Kibingo kumalizia utafiti wa shahada ya uzamili. Mlipuko wa baruti kwenye mwamba — ndani ya kompyuta. Unaugawa mwamba kuwa chembe, kila chembe inasukuma jirani zake, unakokotoa zitakakoruka. Leo zangu hazikuruka. Zimezama ardhini, mwamba mzima! Mama kauliza kama nimeshalipua chochote. Nikasema bado. Kanituma kuanika kahawa.

Alhamisi, 10 Julai
Mkandarasi wa barabara atalipua mwamba wa kilimani Jumamosi. Nyumba ya shangazi Kokushubira iko chini yake. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Rogasian, kasikia nasomea milipuko, kaja kuuliza mawe yatafika wapi. Ningepaswa kusema sijui. Nikasema nitapiga hesabu. Kichwa kikubwa! Nimepanda kilimani kupima mteremko. Mhandisi wao, Elpidius, kanipa vipimo vya mashimo ya baruti bila kinyongo.

Ijumaa, 11 Julai
Kosa nimelipata. Palipotakiwa kutoa, nilijumlisha. Na mimi nailaumu nadharia tangu Pasaka! Sasa chembe zinatii. Na moja — moja tu — inatua uani kwa shangazi, nje ya mpaka wa tahadhari aliouweka Elpidius, ambako watu hawakuambiwa wahame. Nimerudia. Inatua tena. Elpidius katazama kwa adabu, kasema mpaka wake unatosha. Huenda ni kweli. Juzi tu mwamba wangu ulikuwa unazama.

Nikaenda kumwomba shangazi aondoke kesho. Akasema kahawa yake iko juani, mbuzi wataila.

"Hiyo mashine yako ina hakika?"

"Haina, shangazi. Ila naogopa."

Kanitazama sana. Kakubali.

Jumamosi, 12 Julai
Naandika kwenye uwanja wa kanisa. Shangazi kaja, na majirani wote nyuma yake — magodoro, kuku, mbuzi. Kwa ajili ya chembe moja! Wengine wananiuliza jiwe limefika wapi. Lisipoanguka, nitaitwa Jiwe hadi uzeeni.

King'ora cha kwanza kimelia; cha pili ndicho cha kulipua. Shangazi akafumba macho kuiombea nyumba yake. Nami nikafumba. Kumbe naomba jiwe lianguke. Pale pale uani. Kubwa, lionekane!

Nimefumbua haraka. Kanishika mkono.

"Asante kwa kuniombea, mwanangu."

Nimerudi kwenye daftari. King'ora cha pili —