Mkono wa Kujifunzia Nimeupata

Mama, supu ya ngano iko jikoni, ipashe moto tu. Dawa ya presha unywe baada ya kula, si kabla.

Lutfi, yanayofuata ni yako.

Asubuhi nilimpigia mwalimu wa ile kozi ya kupamba kucha ya hapa mtaani, ya wiki mbili, nimuulize nije na nini. Akaniambia, "Mbona kaka yako alishapiga jana? Kasema umeghairi." Nimeghairi! Eti kushika miguu ya watu ni aibu kwa ukoo, si ndivyo ulivyomwambia?

Basi nimechagua nyingine. Ni ya miezi mitatu, katikati ya jiji la Oran, na wanaanza na usafi wa vifaa na magonjwa ya kucha kabla hujagusa rangi. Inaanza leo. Nimeshajiandikisha, na nimewaambia wasisikilize simu ya mwanamume yeyote wa kwetu.

~~Shati lako nimelipiga pasi.~~ Shati lako lipige pasi mwenyewe.

Kila mwanafunzi anatakiwa aje na mtu wa kujifunzia. Nimemwomba mchumba wako, Ibtisam. Akauliza kwa nini nimebadilisha kozi, nikamweleza. Akasema, "Nakuja, wifi. Na usinifiche kitu, nataka nimjue kabla ya harusi."

Mchana kutwa nitakuwa nimemshika mikono, na mdomo wangu hauna kazi nyingine. Usinipigie.

Dada yako