Pilau Isiyo na Mchele

Shemeji Salumu,

Mimi mzima, ila goti. Wewe sikuulizi hali, tulikufukia wenyewe. Na shikamoo sikupi. Nakuzidi umri, hata kama umeniwahi kufika huko na sasa unajifanya mwenyeji.

Nakuandikia nimekalia mbuzi yako ya nazi, ile uliyokataza mtu asiikalie.

Habari ni ya mkeo, mdogo wangu Mwanahawa. Hali chakula. Sukari alikuwa nayo ukiwa hai, si unakumbuka ulivyokuwa ukimpakulia wali kiduchu, ukimdanganya mchele umepanda bei. Sasa nesi wa zahanati amekata kabisa: wali basi, mpaka kidonda cha mguu kikauke. Mwanahawa akamsikiliza, akafunga mdomo. Kama si pilau ya Salumu, anasema, basi hataki kitu. Anameza dawa kwa chai ya rangi. Juzi kaanguka uani. Wanao wanapiga simu kutoka Dar, eti mjomba mlazimishe. Nimlazimishe na nini? Mimi nimezoea kuchekesha watu. Kulisha sijui.

Nesi huyohuyo akaniambia watu wa mjini siku hizi wanapika pilau ya koliflawa, ile kabichi nyeupe ya Mgeta, iliyojikunja kama ubongo wa mbuzi. Unaikatakata mpaka ifanane na mchele. Nikamcheka, kisha nikashuka Morogoro kuinunua.

Mara ya kwanza nilifuata njia yako yote. Kitunguu kikaiva mpaka kikawa rangi ya kahawa, nikatia nyama, supu, mdalasini, iliki na karafuu za hapa hapa Kinole, nikamwaga koliflawa, nikafunika, nikapalia mkaa juu. Kufunua, uji. Bata wa jirani walionja wakaondoka bila kuaga. Ungecheka mpaka upaliwe, wewe uliyetaka tuamini pilau ilizaliwa Tabora kwenu.

Leo nimerudia. Supu nimeikausha yote kwanza, maji sikutia hata tone. Shemeji, harufu ilitoka ileile. Ikaingia mpaka chumbani. Mwanahawa akauliza kutoka ndani nani anapika, na kabla sijajibu akawa ameshatoka, ameshika ukuta, anaburuta mguu.

Siku ya msiba wako nilivaa kofia yako, nikatembea na matege yako katikati ya waombolezaji, nikaonja mwiko mtupu nimefumba macho kama ulivyokuwa ukifanya ukipika kwenye harusi. Ndiyo kazi ya mtani, na Mnyamwezi hazikwi kimyakimya nikiwepo. Watu walicheka na machozi yao, na Mwanahawa akacheka kuliko wote. Basi leo nikadhani kicheko kile kitamfungua mdomo. Nikaivaa tena ile kofia. Nikafumba macho, nikaonja, nikasema kwa sauti yako kwamba hapa hata malaika ataomba ukoko.

Hakucheka. Aliniangalia weee.

"Kaka," akasema, "vua kofia ya mume wangu."

Nikaivua. Na nikishaivua hiyo, shemeji, sina kingine. Nilibaki nimesimama na mwiko kama mwanasesere.

Akakaa mkekani. Akala kijiko, akatafuna polepole kama anatafuta kitu kilichodondoka. Akala kingine. Kisha akasukuma sahani. Imebaki karibu yote, hii hapa mbele yangu, inapoa. Alipoinuka kurudi ndani akasema bila kugeuka, "Karafuu umezidisha."

Maneno ya kuambiwa wewe hayo. Miaka yote alikuwa akikwambia wewe, na wewe unabisha. Mimi sikubisha. Sijui kama ile ilikuwa njaa, au alikuwa anakutafuta wewe humo sahanini akakukosa. Ningemuuliza nesi, lakini hilo naye halijui.

Haya, lala, mbeba mizigo wa Tabora. Umeshatua. Kofia nimeirudisha kwenye msumari wake, siivai tena. Kesho nashuka kununua koliflawa nyingine.

Karafuu nitapunguza.

Mkubwa wako,
Kibwana