Nyuzi za Pamba Kiotani

Westville, Durban
14 Agosti 1998

Dada Irene, shikamoo.

Mimi mzima. Binti wa tajiri wangu anafuga jerbili, vipanya vya jangwani, na vimezaa. Nilivitandikia pamba kwa kuwa ni laini. Juzi nikakuta uzi wa pamba umekikaza kitoto kimoja mguuni, mguu umekuwa mweusi. Nilikata uzi kwa mkasi wa kucha.

"Nani aliweka pamba?" mama mwenye nyumba akauliza.

"Mimi, mama."

Hakunifukuza. Alisema nitandike karatasi nyeupe ya chooni na nyasi kavu, na vya kutafuna viwe vijiti visivyopuliziwa dawa. Mguu wa kile kitoto ulirudia rangi yake.

Lakini dada, mguu ulioumia wa mwanangu Japhet niliyekuachia, je? Barua yako haikuutaja. Niambie ukweli, hata kama madaktari wameukata.

Mdogo wako,
Atupele