Kikapu cha Alhamisi ya Zahanati

Mama,

Ni mimi, Chelang'at. Najua kwanza ungeuliza kama ng'ombe amekamuliwa, ndipo uniruhusu niseme la kwangu. Amekamuliwa. Sasa nisikilize, maana niko na neno gumu na sitaki kulizungusha. Mama, acha kuchuma majani.

Nasema hivyo nikijua una miezi mitano kaburini. Nilisimama pale nikiwaona wakifukia, na udongo ulikuwa umelowa mpaka ukawa unanata kwenye majembe. Mimi si mtu wa kuona vitu, unanijua. Tangu utotoni ulinisema nina moyo wa karani.

Unakumbuka mambo haya yalivyoanza. Serikali iliposema kila mtu achangie matibabu yake, zahanati yetu ilibaki na nesi mmoja, Sista Nyambura, na katoni za dawa zilizokuwa zikiisha kabla mwezi haujafika katikati. Kamati ya zahanati ikaamua kila boma lilete kikapu kimoja cha majani mabichi ya chai kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, yauzwe, dawa zinunuliwe. Tulipotangaza kanisani watu walipiga makofi, na wewe ukiwemo. Lakini wazee wakazidi kujaa kwenye ile benchi ya nje. Vijana wameenda Nakuru na Nairobi, wamewaacha wazazi na mashamba. Mtoto wa malaria anameza dawa siku tatu, anarudi kucheza. Mzee wa presha anameza kila siku ya Mungu mpaka afe. Sote kwenye kamati tuliliona jambo hilo na hakuna aliyetaka kulitamka.

Nikalitamka mimi. Mimi katibu, binti yako, nilisimama nikasema dawa za kila siku apewe tu yule ambaye boma lake limeleta kikapu. Wanaume walitazamana, nadhani walifurahi kwamba si wao waliosema. Kisha mikono yote ikainuka. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa maana sana.

Halafu ukaja kwangu na ile leso yako ya buluu, ukaomba nilete vikapu viwili, kimoja changu na kimoja kwa jina lako ili upate dawa zako za presha, kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa kuinuka. Nilikuambia haiwezekani. Nilisema boma lako ni lako na langu ni langu, na watu wataanza kusema katibu anapendelea mama yake. Mama, ningeweza kuchuma kile kikapu kabla ya chai ya saa nne. Sikukunyima kwa sababu ya kazi. Nilikunyima kwa sababu ya midomo ya watu.

Hukukasirika, na hilo ndilo linanitesa. Ulisema tu, "Sawa, Chelang'at. Mimi bado niko na vidole."

Alhamisi hiyo walikukuta kati ya mistari ya chai, umelalia ubavu, kikapu kimejaa kando yako. Kuna mtu alikibeba mpaka kituo cha majani kabla hajajua kwamba hukuwa umezirai tu. Kwa hiyo dawa zako zilitoka. Sista Nyambura alikuwa ameshaandika jina lako kwenye pakiti tulipopita pale mbele ya zahanati tukiwa tumekubeba.

Tulikuzika. Kikapu chako nilikitundika jikoni kwangu, nyuma ya mlango, kikiwa bado na kile kitambaa cha leso ulichofunga kwenye mshipi. Mwezi uliofuata, Alhamisi ya zahanati, karani wa mizani akaniuliza nani anachuma kwa mama. Nikamwambia hakuna. Akanionyesha kikapu kwenye foleni. Majani mawili na chipukizi, safi, hakuna hata jani moja gumu, vile ulikuwa unatuchapa vidole mpaka tukajifunza. Nilikimbia nyumbani. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari tu.

Jioni kikapu kilikuwa kimerudi mahali pake, chini kikiwa kimelowa. Nilimlaumu Kipngeno, mwanangu, nikasema ananichezea. Aliapa. Mwezi wa tatu nilikifungia kwa kufuli. Kilienda na kikarudi. Mwezi wa nne nililala mlangoni, nikaamka na umande kwenye shingo. Na kila mara Sista Nyambura aliandika jina lako kwenye pakiti akaiweka kwenye rafu. Nilimwomba azitupe. Alikataa, akasema, "Mama Kipngeno, mimi siwezi kutupa dawa ya mtu ameleta majani. Sheria ni yenu."

Wiki mbili zilizopita mke wa Kipngeno alijifungua msichana. Mchungaji hapendi mambo yetu ya kuita majina, lakini siku hiyo alijipa safari ya Sigor, Mungu ambariki. Wamama wakakaa na mtoto, wakaanza kuwaita waliotangulia, mmoja mmoja, wakingoja apige chafya ili tujue ni nani amerudi. Wote tulijua ni wewe. Walianza na wewe. Taplelei, wakaita. Mtoto akatulia. Wakaita tena. Kogo Tabutany, yule bibi mkongwe kuliko wote, akamsogezea ugoro kidogo puani na kuita mara ya tatu. Mtoto alitutazama tu, macho wazi, hata hakukunja uso.

Kogo alifunika ugoro wake. Akasema polepole, bila kumwangalia mtu, "Huyu hawezi kuja. Ako kazini."

Walipoita jina la mama yako mtoto akapiga chafya mara moja, na watu wakashangilia. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta. Nilikuwa nimeelewa nani aliyekupa hiyo kazi.

Leo ni Alhamisi ya zahanati. Asubuhi nilienda shambani kwako. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka sikuona mikono yangu. Nilisikia ile sauti ndogo ya majani yakikatika, upesi na sawasawa, mkono wa mtu aliyezoea. Niliifuata mstari kwa mstari. Kila nilipopita, umande ulikuwa umepukutishwa na mashina yamechumwa. Nilifika karibu mpaka nikasikia magoti yako, Mama, yale magoti yakilia. Niliogopa sana. Nilisema, "Mama, imetosha. Mimi ndiye nilikosea."

Sauti ikakoma. Kikapu kilikuwa pale chini kati ya mashina, nusu. Nilikivaa mgongoni nikakijaza, nikilia kwa sauti, na sijali nani alisikia.

Mchana kamati ilikutana. Niliwaambia nataka ile sheria ifutwe, na mwenye nguvu alete vikapu viwili kwa ajili ya mzee asiyeweza, kuanzia na mimi. Mwenyekiti aliuliza ni wangapi watakubali, na wazee wakizidi kuongezeka itakuwaje. Niliwaambia tu vile nilikunyima, mbele ya wote, na vile ulikufa. Wakatazama chini. Katika watu tisa, mikono mitatu iliinuka, na mmoja ulikuwa wangu.

Zile pakiti tano, na ya leo ikiwemo, Sista Nyambura amezitoa kwenye rafu. Atampima jirani yako, mjane wa pale mtoni aliyeacha kuja kwa aibu ya kukosa majani, na zikimfaa zitakuwa zake. Nilipita kwa huyo mjane kumwambia aende, ila sikumwambia zimetoka wapi. Nadhani alijua, maana alishika mkono wangu akauangalia muda mrefu, upande wa ndani, kwenye vidole vyenye madoa ya majani ya chai.

Nakuahidi hivi. Nitalileta jambo hili mbele ya kamati kila mwezi mpaka mikono iwe mingi, na wakinitoa ukatibu nitalileta nikiwa nje kwenye benchi ya wazee, maana na mimi siko mbali nayo. Kikapu chako nitakijaza mimi. Wewe lala.

Nimekupenda, Mama, na nilichelewa kukuonyesha. Alhamisi ya mwezi ujao nitakwenda tena shambani kwako asubuhi, nitasimama kwenye ukungu nisikilize. Naomba nisisikie kitu.

Binti yako,
Chelang'at