Baba, Si Wewe Uliyemshika Koku Mguu

Kahama, Jumapili.
Mwaka na nusu tangu tukuzike nikaondoka Nshamba.

Baba,

Bado napakia magunia kwenye mashine ya mpunga. Nimechoka, lakini nakuandikia kwa sababu ya mdogo wako, yule mwenye akili nyingi.

Shangazi amepiga simu. Koku, binti yako aliyekuuguza, anatembea ameinama, mkono kwenye paja. Akilala hanyooshi mguu. Mdogo wako na wenzake wamekaa, wamekunywa rubisi, wametoa hukumu: wewe ndiye umemshika. Eti ulizikwa goti likiwa limekunjwa, kwa hiyo una kinyongo. Jumamosi wanataka kukufukua wakunyooshe. Wanaume wazima, wenye ndevu, wanagombana na goti la marehemu.

Ulipokuwa mgonjwa mdogo wako alikuwa hodari hivyo hivyo. Ulikonda hadi tumbo likaonekana linadunda juu ya kitovu, naye akasema, "Kaka, kuna kitu kinapumua humo." Kinena kilipovimba akasema ni ngiri, akaleta mtu wa kukuchanja. Siku ya kukuosha alikalia goti lako kama anafunga sanduku. Halikunyooka. Hata ukiwa maiti ulimshinda.

Mwezi uliopita niliteleza na gunia, nikapelekwa zahanati. Ukutani kuna picha ya mtu aliyetolewa matumbo, unaona mpaka ukuta wa nyuma. Nikamwuliza tabibu habari ya mguu wako. Akanionyesha kwa kalamu. Kinachodunda ni mshipa mkubwa wa damu, umelala mbele ya uti wa mgongo. Kila mtu anao, hata mdogo wako, ila wake umezama kwenye mafuta. Kando ya uti kuna misuli miwili mirefu, inashuka kupitia nyonga hadi kwenye paja. Ni sarara, Baba, ile nyama laini ya mgongoni uliyokuwa ukimtengea bibi ukichinja Krismasi. Na sisi tunayo. Ndiyo inayokunja mguu. Kifua kikuu kikila mfupa wa kiuno, usaha unajaa ndani ya msuli huo na kuteremka mpaka kwenye kinena. Mishipa ya fahamu ya paja inapita humo humo, ndiyo maana ulilia paja wakati ugonjwa uko mgongoni. Kukunja goti ndiko kulikokupumzisha.

"Kinatibika kwa vidonge," akasema, "ila mtu awahi."

Nilitoka nje nikakaa chini.

Ulikohoa muda mrefu, Koku akikulisha. Hukumshika mguu. Ulimwambukiza bila kujua, na yule aliyejifanya anajua ndiye aliyekaa mlangoni akitukataza hospitali.

Nimempigia. Akasema, "Uliishia darasa la sita, udaktari umeupata lini?" Nikamjibu, "Shikamoo, baba mdogo. Usianze kuchimba kabla sijafika."

Kwaheri, Baba. Goti lako liache lilivyo, hakuna atakayeligusa. Ijumaa nampeleka Koku hospitali Bukoba, hata kama ni kwa kumbeba, na shangazi atabaki naye. Jumamosi nitakuwa nimekalia kaburi lako, waje na majembe yao tuzungumze.

Tiketi nimekata. Nafika Alhamisi jioni.

Mwanao,
Mugisha