Namaliza Jumatano, Nasema Wiki Ijayo

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, na naomba unisome mpaka mwisho ndipo uanze kunifokea, maana najua utanifokea, mke wangu Corliss ameshanifokea vya kutosha na yeye ndiye aliyeniambia, "Mwandikie yule mama wa gazetini, labda yeye utamsikia." Majina yote nimeyabadilisha, ila la mke wangu, ambaye amesema yeye hana cha kuficha.

Mimi ni mtengeneza programu za kompyuta hapa Duluth, nina miaka arobaini na minne, na kampuni yetu ndogo inatengeneza programu ya kuwaongoza madereva wa magari ya kusukuma theluji, yaani dereva akiwa ndani ya gari lake aone kwenye skrini ni barabara ipi imeshasafishwa na ipi bado. Tuko watano, na tunafanya kazi kwa mizunguko ya wiki mbili mbili: Jumatatu ya kwanza tunagawana kazi, kila kazi inaandikwa kwenye kadi na kubandikwa ubaoni, na kila mtu anakisia ya kwake itachukua siku ngapi, kisha kila asubuhi saa tatu tunasimama mbele ya ubao dakika kumi na tano, kila mmoja anasema jana alifanya nini, leo anafanya nini na nini kinamkwamisha, na Ijumaa ya wiki ya pili tunawaonyesha wateja tulichomaliza, halafu tunafunga mlango na kuambiana ukweli. Yaani wenzangu ndio wanaoambiana ukweli.

Shida ni kwamba mimi ni mwepesi wa kazi. Sijisifu, ndivyo nilivyo, kazi ya siku nane kwangu inaisha kwa siku tatu. Nilikokuwa zamani nilikuwa nikimaliza nasema, tena kwa furaha, na kila nikisema bosi ananiletea kadi ya mtu mwingine, "Si umemaliza wewe? Shika na hii," mpaka nikawa nafanya kazi ya watu watatu, pua zikaanza kutoka damu, na siku baba yangu anatimiza miaka sabini mimi nilikuwa ofisini nikimalizia kadi ya mtu aliyekwenda kuvua samaki. Nilipohamia hapa miaka miwili iliyopita nikajiapia kwamba hilo halitanipata tena. Kwa hiyo kazi yangu, ambayo ni ramani ya barabara, nasema siku nane, namaliza Jumatano ya wiki ya kwanza, naificha kazi kwenye kompyuta yangu, na kila asubuhi nasimama mbele ya ubao, nakunja uso kidogo, nasema, "Bado napambana na ramani, ila inakwenda."

"Pole, Wendell," wananiambia.

Na siku ninazofanyia kazi nyumbani, saa nane mchana mimi niko kwenye ukumbi wa barafu, nacheza na wastaafu ule mchezo wa kutelezesha mawe mazito juu ya barafu, huku wenzako wakifagia barafu mbele ya jiwe lifike mbali. Tuna timu. Ni ya pili kwenye ligi yao, na mimi peke yangu ndiye mwenye meno yangu yote.

Haya yalikuwa hayamdhuru mtu, au nilifikiri hivyo, mpaka alipokuja Reeta mwishoni mwa kiangazi. Reeta ana miaka arobaini na tisa, aliendesha gari la theluji miaka kumi na tisa mpaka goti likagoma, akaenda kujifunza kompyuta darasani na watoto wa umri wa wanawe, na yeye ndiye anayetengeneza hiyo skrini ya dereva, kazi ambayo kwa kweli hakuna anayeijua kama yeye. Lakini skrini yake inasimama juu ya ramani yangu. Bila ramani hawezi kujaribu chochote. Na ramani mimi namkabidhi Alhamisi ya wiki ya pili, siku moja kabla ya wateja kuja, kwa hiyo mizunguko mitatu mfululizo kadi yake imebaki upande wa "Bado" huku yangu ikiwa upande wa "Tayari" inameremeta.

Ijumaa iliyopita, mlango umefungwa, Delphine anayesimamia ubao na vikao vyetu akamwuliza, "Reeta, nini hasa kinakukwamisha?"

Reeta akasema, "Nasubiri ramani tu. Na simlaumu mtu. Wendell kabeba mzigo mkubwa, hamwoni macho yake yalivyo mekundu?"

Macho yalikuwa mekundu kwa baridi ya ukumbi. Kisha akafungua mfuko wake akatoa mkate mtamu wa iliki, ule wanaousuka kama nywele kwao, akanipa mbele ya wote, "Kula na mkeo, unajiua na kazi." Nimeula, mshauri. Ulikuwa mtamu sana.

Jumatatu bosi wetu Lowell akaniita. "Funga mlango. Wewe hujawahi kuchelewa hata mara moja, Reeta kachelewa mara tatu, na theluji haitatungoja. Alhamisi ya wiki ijayo namtoa kwenye timu, akapokee simu za wateja. Kadi zake utachukua wewe. Unaonaje?"

Nikasema, "Ngoja nifikirie." Ndiyo hayo tu niliyosema, nikatoka.

Sasa naona njia mbili. Ya kwanza nimpe Reeta ramani mapema mzunguko huu, kimyakimya, amalize kwa wakati, Lowell abadili mawazo, na hakuna anayejua lolote. Ya pili niseme ukweli, nifukuzwe, au nisifukuzwe ila nirudishwe kubeba kadi za dunia nzima mpaka pua zitoke damu tena. Corliss anasema njia ya kwanza ni woga uliovaa tai. Wewe unasemaje?

Mfagia Barafu, Duluth

*

Mfagia Barafu,

Gazeti hutoka Jumamosi, la wiki hii limeshafungwa, na la wiki ijayo litatoka Alhamisi yako imeshapita, kwa hiyo majibu haya nimekutumia kwanza wewe, wasomaji watayakuta baadaye. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sasa kaa chini.

Nianze na ulipo na haki. Yule bosi wako wa zamani alikukosea. Mtu akimaliza kazi akaadhibiwa kwa kuongezewa nyingine, atajifunza kutomaliza, au atajifunza kutosema. Wewe ukajifunza la pili, na kwa siku ya baba yako nakupa pole ya kweli. Hilo lilikuuma na linastahili kukuuma.

Lakini bwana wee, Reeta anahusikaje? Yeye ndiye aliyekuwa bosi wako? Yeye ndiye aliyekwenda kuvua samaki? Umekaa na kazi iliyokwisha siku sita nzima, mwenzio anasubiri mikono mitupu, halafu akakuonea huruma, halafu akakuokea mkate, halafu ukaula! Angalau ungemwachia Corliss wote.

Njia yako ya kwanza siitaki hata kuisikia. Ukimpa ramani kimyakimya na akamaliza, Lowell atasema nini? Atasema, "Kumbe akitaka anaweza." Zile mara tatu zitabaki kwenye jina lake na wewe utabaki malaika wa ubao. Hukuficha kazi tu, umemharibia mtu jina, na jina halitengenezwi kwa siri.

Fanya hivi. Kesho, kabla ya kumwona Lowell, kabla ya Delphine, mwambie Reeta. Yeye kwanza, uso kwa uso, asije akalisikia kwenye korido. Usianze na habari za pua zako. Anza na tarehe: lini ulimaliza, lini ulimpa. Kompyuta yako inazitunza tarehe hizo, zichape kwenye karatasi, zote tatu. Siku hiyohiyo uende kwa Lowell na karatasi hiyohiyo, na useme wazi kwamba aliyechelewesha skrini ni wewe.

Ukishasema, ndipo udai chako, na udai hadharani. Dai kwamba anayemaliza aseme siku anayomaliza, na kusema huko kusiwe kosa. Dai kwamba mtu mmoja asishike kadi zaidi ya mbili kwa wakati mmoja, hata awe mwepesi kama upepo. Mkono uliobaki mtupu ukamsaidie aliye karibu kumaliza, au upumzike. Na kama unataka saa nane mchana kwenda kufagia barafu, omba. Kwenda kwenye barafu si kosa. Kosa ni kule kukunja uso saa tatu asubuhi.

Unaogopa kufukuzwa. Inawezekana. Ila kitakachotokea Alhamisi usiposema hakina "inawezekana": mwanamke aliyesoma na watoto wa umri wa wanawe atakwenda kupokea simu kwa kosa lako, na wewe utarithi kadi zake. Yaani huo woga wako hata haukulindi!

Amka.

*

Wiki nne baadaye akaandika tena, na ameniruhusu niichapishe barua hii pia.

Mpendwa mshauri,

Nilimwambia. Nilimkuta jikoni mwa ofisi anajimiminia kahawa, nikamwekea karatasi mbele yake, nikasema ramani zilikuwa zinaisha Jumatano na nilikuwa nazificha. Akaisoma pole pole kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Siku sita," akasema.

"Mara moja zilifika saba."

"Mizunguko yote mitatu?"

"Yote."

Akaweka kikombe chini. "Unajua nilikuwa najiambia nini? Kwamba nimezeeka. Kwamba kichwa changu hakishiki tena, walionicheka darasani walikuwa na haki." Habari za pua sikuzigusa, kama ulivyosema. Akaniuliza, "Na hizo siku sita ulikuwa wapi?"

"Kwenye ukumbi wa barafu. Nafagia. Na wastaafu."

Akaniangalia. "Mnashinda?"

"Wa pili."

"Yaani umeitoroka kazi siku zote hizo na bado babu zetu wanakushinda?" Akacheka, akacheka mpaka akashika meza, halafu akafuta macho. "Usifikiri nimekusamehe. Nacheka tu. Twende kwa Lowell."

Tulikwenda pamoja. Lowell alisoma karatasi akawa mwekundu mpaka masikioni. "Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa namsifu nani mimi?" Nimepewa barua ya onyo, na mpaka mwaka mpya sifanyii kazi nyumbani hata siku moja, wastaafu wamepata mtu mwingine. Reeta anabaki kwenye timu. Kisha Lowell akasema kwa kuwa mimi ni mwepesi hivyo basi ataniongezea kadi, na kabla sijafungua mdomo, Reeta akasema, "Hapana, Lowell. Ukimwongezea kwa sababu kasema ukweli, kesho hakuna mtu hapa atakayesema." Ndivyo tulivyopata kadi mbili mbili kwa kila mtu. Delphine ameiandika kanuni hiyo juu ya ubao kwa wino wa kudumu.

Sasa sikia lililonipata. Mzunguko uliofuata nilimkabidhi ramani Jumatano ya wiki ya kwanza. Jumanne ya wiki ya pili skrini yake ilikuwa tayari, akabakiwa na siku tatu ambazo hajawahi kuwa nazo, akaenda kwa madereva wenzake wa zamani, akapanda gari, wakazunguka mjini na programu yetu. Akarudi kwenye kikao cha asubuhi na koti lake bado limelowa.

"Wendell," akasema mbele ya wote, "ramani yako ilitaka tushuke na gari la tani kumi kwenye ngazi za watembea kwa miguu."

"Haiwezekani," nikasema.

"Ngazi sabini na mbili. Nimezihesabu, tulikuwa na muda."

Ni kweli, mshauri. Na si hapo tu, kuna mahali pengine panne. Nilijiita mwepesi miaka yote hii, kumbe nilikuwa naficha hata zile siku ambazo makosa yangu yangeonekana. Nimeyarekebisha yote matano, na Ijumaa kadi zetu zote zilikuwa upande wa "Tayari", za watu wote watano, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Theluji ilianguka Jumapili. Madereva walitoka na programu yetu na hakuna aliyekwama.

Lililobaki ni moja. Reeta anaongea nami mambo ya kazi tu. "Ramani iko wapi, skrini iko hapa, asante." Wengine anawatania, mimi hapana. Nifanye nini? Na unakisia itachukua muda gani?

Mfagia Barafu

*

Usifanye kitu. Usimpelekee maua, usimwandikie barua, usimtume Corliss. Kila ukimaliza, mkabidhi siku hiyohiyo mbele ya watu, na ukikosea sema umekosea kabla hajakwambia. Ataanza kukutania siku atakayotaka yeye.

Na muda huo, bwana, si wa kwako kuukisia.